Kimya Baada ya Nukta

Radi ilipiga mnara wa mawasiliano kule kilimani Jumatatu asubuhi, katikati ya somo la sayansi, na darasa la saba la Shule ya Msingi Isebelo likabaki limeinamisha vichwa upande wa kulia, likisubiri. Mwalimu Atuganile Mwaipaja, aliyekuwa akiandika ubaoni, hakuelewa mara moja kimetokea nini. Mvua ya Rungwe haina adabu, na ngurumo si habari mpya kwa mtu aliyezaliwa huku kwenye chai. Kilichomshtua ni ukimya wa watoto. Walikuwa wamesoma sentensi ya kwanza ya ukurasa wa kuchuja maji, wamefika kwenye nukta, na sasa walikuwa wakingoja kuambiwa maana yake.

Lwitiko, mvulana aliyekuwa akiongoza kila mtihani tangu darasa la nne, akanyoosha mkono. 

"Mwalimu," akasema, "nimefika kwenye nukta. Hakuna mtu."

Mtu huyo aliyezoea kumsikia ni Mnong'onezi. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya haragwe, hubandikwa nyuma ya sikio la mtoto siku anapoandikishwa darasa la kwanza. Kina kijicho kinachotazama anachotazama mwenye sikio. Macho yakipita juu ya maandishi, picha huenda mnarani, mnara huuliza mitambo mikubwa iliyoko mbali, na kabla hujapepesa jicho maana inarudi sikioni kwa sauti laini, imefupishwa, iko tayari kumezwa. Tuwatendee haki waliokibuni. Hawakutaka kulea wavivu, ndiyo maana walikifundisha kusubiri mpaka macho yafike kwenye nukta, ili mtoto angalau aitazame sentensi nzima. Na wengi kimewafaa. Baba yake Atuganile, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, alimaliza uzee wake akisomewa gazeti kila asubuhi na sauti hiyo, na binti yake hajaacha kushukuru kwa hilo. Yeye mwenyewe alikuwa na chake nyuma ya sikio, kama walimu wote.

Ila watoto wa Isebelo walikipata kabla hawajajua hata kuunganisha silabi. Herufi walizijua zote, na sentensi waliitamka vizuri mpaka mgeni akapiga makofi. Walichokuwa hawajui ni kwamba kuielewa ilikuwa kazi yao wenyewe.

Katika darasa lile ni kichwa kimoja tu ambacho hakikuinama upande. Tupokigwe, binti wa mchuma chai anayeitwa Sekela, alikuwa dawati la nyuma na kidole chake juu ya ukurasa. Alifika chini, akafikiri kidogo, akarudisha kidole mistari miwili juu, akasoma tena, kisha akafunua ukurasa wa pili. Radi ilipompita na ukimya ukampita, kwake siku ilikuwa ni ileile. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa na miaka mitano, na Mnong'onezi hakuwahi kuwa na pa kumnong'onezea.

*

Mwalimu mkuu, Bwana Mwasandube, aliamua kwamba watoto wacheze mpira mpaka fundi aje kutoka Mbeya. Hakuwa mtu mbaya, ila mtihani wa taifa ulikuwa karibu na Mnong'onezi aliruhusiwa ndani ya chumba cha mtihani, kwa hiyo kufundisha bila yeye aliona ni kupoteza muda. Atuganile akamwomba amwachie darasa lake. Bwana Mwasandube akamtazama kama mtu aliyeomba kulima kwa kijiko, akakubali shingo upande.

Atuganile akamleta Tupokigwe mbele, akawakusanya wengine wamzunguke, akawaambia wafanye jambo moja tu: wamtazame mwenzao akisoma. Ilikuwa aibu kwa pande zote mbili. Hawa ndio waliokuwa wakimwigiza msichana huyo anavyoongea kwa sauti yake iliyonyooka isiyopanda wala kushuka, na sasa wamebanana kuona kidole chake kinakwenda wapi. Tupokigwe naye alitazama chini muda mrefu kabla hajaanza.

Kwa miaka yote hiyo Atuganile alikuwa akimfundisha peke yake mchana, baada ya kengele, kwa ishara za mikono na vitabu vya zamani, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Alidhani anamjua. Lakini hata yeye hakuwahi kumuuliza anapokaa na kitabu peke yake huwa anafanya nini hasa. Sasa alimuuliza kwa mikono, mbele ya wote, na jibu likamwacha mwalimu mdomo wazi.

Msichana alisema huwa anachuma. Mama yake, anapokuwa shambani, haubebi mchai wote. Anachukua majani mawili na kichipukizi, basi, mengine anayaacha kwenye mti. Naye kwenye kila aya huchukua maneno mawili yanayobeba uzito, pamoja na kichipukizi kimoja, yaani swali linaloota pale. Akaonyesha kwenye ukurasa wa sayansi. Maneno yake yalikuwa mchanga na tabaka. Kichipukizi chake kilikuwa: kwa nini changarawe imewekwa chini na siyo juu? Kisha huenda kulitafuta jibu mbele, na asipoliona anarudi nyuma, kwa sababu mara nyingi ni yeye aliyepita haraka.

Watoto wakacheka, kwa sababu hakuna mtoto wa Isebelo ambaye hakuwahi kubeba kikapu cha chai. Walidhani kusoma ni jambo la watu wa mbali, kumbe ni kazi ya mama zao.

Siku zilizofuata walichuma kila kitu. Walichuma ukurasa wa historia wakatoka na reli na kodi, na swali la kwa nini wazee walilazimishwa kulipa kwa fedha wakati walikuwa na ng'ombe. Walichuma hata hesabu za maneno, zile za tangi linalojaa huku linavuja, ambazo zilikuwa zimewashinda miezi mitatu si kwa sababu ya kujumlisha, bali kwa sababu Mnong'onezi aliwaeleza sentensi mojamoja tu, wasijue swali zima linauliza nini. Kazi ilikwenda polepole mno. Ukurasa mmoja ulikula kipindi kizima, na wawili au watatu walilia. Lwitiko ndiye aliyeumia kuliko wote. Mtu aliyekuwa wa kwanza siku zote si rahisi kukubali kuwa wa mwisho, tena nyuma ya mtu aliyekuwa akimcheka.

Alhamisi, kwenye ukurasa wa jiografia unaoeleza kwa nini upande huu wa mlima hupata mvua na ule wa pili hubaki mkavu, Lwitiko alirudisha kidole chake mara tatu.  Kisha akaangalia nje dirishani, kwenye mawingu yaliyogonga mlima, akaangalia tena kitabu, akaanza kucheka peke yake. Akasema ni hili hili, linalosemwa hapa ni hili linalonyesha pale nje, na hakuna aliyemwambia.

Atuganile alikwenda dirishani kana kwamba anatazama hali ya hewa. Alisimama hapo mpaka macho yake yalipokauka, akimshukuru Mungu kwa radi.

*

Mnara ulitengenezwa wiki iliyofuata. Asubuhi hiyohiyo vichwa viliinama tena upande wa kulia, na nyuso zikalegea kwa raha ya kurudiwa na sauti.

Kukinyamazisha kidude si kazi. Mtoto anaweza wakati wowote, kwa kukigusa tu kwa kidole. Hakuna aliyefanya hivyo, kama ambavyo hakuna anayejiziba pua kwa hiari. Na mwalimu haruhusiwi kuwaamuru, isipokuwa katika hali moja: darasa likiwa na mwanafunzi asiyeweza kukitumia, linaweza kupewa nusu saa kwa siku ya kusoma kimya, wote kwa pamoja, ili mwenzao asiachwe. Atuganile aliukumbuka utaratibu huo, akaenda nao kwa mwalimu mkuu, naye hakuwa na la kupinga. Kwa jina la Tupokigwe, darasa la saba likapata nusu saa yake. Watoto waliguna, wakagusa masikio yao, wakachuma. Kila siku walizidi kuwa wepesi.

Ndipo akaja Daktari Kemilembe, mwanamke mtaratibu kutoka hospitali kubwa ya mjini Mbeya, na habari njema ambayo Atuganile alitamani asingeisikia. Palikuwa na kipokezi kipya, kinapandikizwa ndani ya sikio, kinapeleka sauti moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu. Tupokigwe aliwahi kusikia na kuongea kabla ya ugonjwa, kwa hiyo alifaa sana. Angesikia watu, na Mnong'onezi angefanya kazi kwake kama kwa mtoto mwingine yeyote. Gharama yote ingelipwa na idara ya elimu. Kwa sababu hiyo, swali lilikuwa moja tu, na wa kulijibu alikuwa mwalimu wake wa darasa: je, kitamsaidia kujifunza?

Daktari angerudi kesho yake kuchukua jibu. Atuganile alimsindikiza mpaka getini, akarudi ofisini, akakaa.

Akijibu ndiyo, atakuwa amesema uongo. Alijua vizuri sauti ile ingefanya nini kwa kidole kile kinachorudi mistari miwili juu. Na nusu saa ingekufa siku hiyohiyo, kwa kuwa darasa lisingekuwa tena na mtoto asiyesikia, na Lwitiko na wenzake wangerudi kusubiri kwenye nukta maisha yao yote. Akijibu hapana, atakuwa amesema kweli, na kwa kweli hiyo atakuwa amemfungia mtoto mlango wa kusikia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ndani ya moyo wake hapana ilikuwa tamu. Alimhitaji Tupokigwe awe kiziwi. Alipojigundua hivyo alijiona mchafu, akachukua mwavuli akatoka.

*

Sekela alikuwa ndio ametoka shambani, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, anamenya ndizi jikoni. Alimkaribisha mwalimu kwenye kigoda na hakumwacha aeleze sana, kwa maana daktari alikuwa amepita kwake pia.

"Mwalimu, mimi sijasoma, sitakufundisha kazi yako," akasema. "Ila tangu mwanangu augue, sijamwita jina lake akageuka. Namfuata mpaka alipo, namgusa bega. Siku moja tu nataka kumwita kutoka hapa jikoni."

 Atuganile alitazama mlangoni, ambako Tupokigwe alikuwa ameketi na kitabu magotini, na ndipo akaona kosa lao wote. Daktari alimuuliza mwalimu, mwalimu akaenda kumuuliza mama, na mwenye masikio alikuwa pale pale, hakuna aliyemgeukia. Akasogeza kigoda, akaketi mbele yake, akamweleza yote kwa mikono. Hakuficha habari ya nusu saa, wala ile hapana iliyokuwa tamu moyoni mwake.

Msichana alifuata mikono ya mwalimu mpaka mwisho. Kisha akajibu kwamba anaikumbuka mvua ikipiga bati. Anaikumbuka na sauti ya mama yake, lakini siku hizi hana hakika kama anaikumbuka au ameitunga mwenyewe. Anataka kujua.

Halafu akauliza, "Nitaacha kusoma?"

"Sijui," mwalimu akamjibu kwa kweli. "Wengine wote waliacha."

Tupokigwe akatikisa kichwa. Akaonyesha kwa mikono, polepole, ili asieleweke vibaya, kwamba wengine hawakuacha. Hawakuwa wameanza. Yeye ameshaonja.

Sekela, ambaye alijua ishara za nyumbani tu, aliuliza mtoto amesema nini. Atuganile akamtafsiria, na wote watatu wakabaki wakisikiliza mvua, wawili kwa masikio na mmoja kwa kumbukumbu. Kabla hajaondoka, mwalimu aliishika mikono ya mtoto akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa, akitamka vizuri kwa midomo ili aonekane.

*

"Hapana," Atuganile akamwambia Daktari Kemilembe asubuhi. "Hakitamsaidia kujifunza. Anajifunza kuliko wanaosikia wote shuleni hapa, na huenda kikamrudisha nyuma. Na bado ninakuomba umpe."

Daktari aliliandika jibu kwenye fomu yake, akaweka nukta, kisha akainamisha kichwa kidogo upande wa kulia. Naye alikuwa na chake nyuma ya sikio, na Atuganile alielewa kwamba anaambiwa jibu hilo lina maana gani.

"Kinanieleza kwamba ombi limekataliwa," daktari akasema. "Umesema hapana."

"Nimesema maneno mengine pia."

 Kama mtu anayejaribu kitu alichokisahau, Daktari Kemilembe akamwomba mwalimu arudie tangu mwanzo, na safari hii akamsikiliza yeye. Atuganile akamweleza habari za jikoni kwa Sekela, za jina lisiloitikiwa, za mvua juu ya bati. Akamwambia asingesema uongo hata kwa ajili ya mtoto anayempenda, kwa kuwa mtoto huyo amemfundisha kwamba kitu kisomwe kilivyo. Daktari alipomaliza kusikiliza alisema kwamba kumsikia mama yako anapokuita ni kujifunza pia, hata kama waliotunga swali hawakulifikiria hilo, na kwamba atakwenda kulitetea mwenyewe, kwa mdomo wake.

Akalitetea. Haikuwa rahisi wala haikuwa haraka, lakini mwishowe Tupokigwe na mama yake walipanda gari la hospitali kwenda Mbeya, darasa la saba likiwapungia mikono. Siku hiyohiyo Bwana Mwasandube akamwita Atuganile, akamwambia kwa upole kwamba nusu saa imekwisha. Atuganile akasema anajua. Alirudi darasani, akafundisha, na kwenye kila nukta aliona vichwa vikiinama.

*

Tupokigwe alirudi siku ya mvua. Kitambaa cheupe kilimfunika nyuma ya sikio, kando yake amebandikwa Mnong'onezi kama wenzake, na mama yake alimsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo Sekela hakuwahi kulifanya siku ya kazi. Alisimama barazani, akamwacha mtoto atangulie hatua kadhaa, kisha akamwita jina lake kwa sauti ya kawaida, kana kwamba amesahau kumpa kitu. Tupokigwe akageuka. Sekela hakuwa na la kumpa wala la kumwambia. Alimwita tu, na darasa zima likaona uso wake, na baadhi ya wasichana wakalia bila kujificha.

Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu, mpaka mwalimu akashindwa kufundisha. Tupokigwe aliketi mahali pake, akainua macho juu kwenye paa, akasikiliza kwa muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Ilipopungua, Atuganile aliwaambia wafungue kitabu cha sayansi, sura ya mbegu. Mwalimu mkuu alikuwa amekuja kumsalimia Tupokigwe, akasimama kando ya mlango. Watoto walisoma sentensi ya kwanza, lakini macho ya wengi hayakuwa kitabuni. Yalikuwa kwenye kidole cha Tupokigwe, kinachotembea juu ya mstari. Atuganile naye alikitazama, roho mkononi. Kidole kilifika kwenye nukta.

Kikasimama. Msichana akakunja uso. Akageuza kichwa huku na huku, kama anayetafuta aliyekaa nyuma yake, kisha akamtazama mwalimu.

"Mwalimu," akasema kwa ile sauti yake iliyonyooka, akijisikia mwenyewe kwa mshangao, "kuna mtu anaongea. Anaongea na nani?"

"Na wewe," Atuganile akamjibu. "Anakuambia maana ya ulichosoma."

Tupokigwe akafikiri.

"Mwambieni asubiri," akasema. "Bado nasoma."

Akapeleka kidole nyuma ya sikio akakigusa kidude, bila hasira, kama unavyomfukuza nzi. Kisha kidole kilekile kikarudi kitabuni, mistari miwili juu, kikaanza tena.

Darasa likacheka, kicheko cha furaha, kisha likanyamaza. Lwitiko ndiye aliyefuata. Aliinua mkono wake polepole mpaka nyuma ya sikio, akamtazama mwalimu mkuu pale mlangoni kama anangoja kukatazwa. Bwana Mwasandube hakuwa na la kukataza. Mwalimu haruhusiwi kuwaamuru watoto, na hakuna aliyeamuru. Lwitiko akakigusa chake, jirani yake akakigusa chake, na msichana wa dirishani, na wengine kwenye madawati ya katikati. Si wote. Kulikuwa na vichwa vilivyobaki vimeinama, na Atuganile aliwaacha. Waliosoma walianza kuandika pembeni mwa ukurasa maneno yao mawili na kichipukizi.

Atuganile alikaa kwenye kiti chake, akafungua kitabu kilekile, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikigusa cha kwake kikanyamaza. Aliisoma sentensi ya kwanza mpaka kwenye nukta. Hakuielewa vizuri. Akatabasamu, akanong'ona ndaga, na kule nyuma Tupokigwe aliyemsikia akainua kichwa.